Siku Fundi Alipoachwa Nje ya Chombo

Sisi tuliokulia Kirumba, Mwanza, wakati ungo wa kwanza unapandishwa juu ya bati, hebu tusogee karibu tukumbushane, maana watoto wa siku hizi ukiwaambia wanadhani unatunga. Ungo ninaousema si wa kupepetea mchele. Ni lile dishi kubwa la televisheni, pana kuliko banda letu la kuku, ambalo Mzee Mafuru alilileta siku moja kwenye gari la kubebea barafu ya samaki. Mafundi wawili walilipandisha huku mtaa mzima umesimama chini unatoa maelekezo bila kuombwa. Bibi yetu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Bujora, alilitazama akaguna. "Zamani wachawi walikuwa wanaficha ungo wao," alisema. "Hawa wameuweka juu ya bati mchana kweupe." Tulicheka mpaka mama akatufinya.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ruksa mitumba, ruksa soda za kila rangi, ruksa kila mwenye uwezo kuleta anachotaka. Wakubwa walikuwa bado wanasimulia foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya ugawaji, lakini sisi tuliona maduka yamejaa, kilichokosekana ni cha kununulia tu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa yake. Usinicheke. Panki lililokaangwa na mama yangu, likaliwa na ugali wa muhogo, vidole vyote vinang'aa mafuta, mimi silibadilishi na hizo baga za wanangu zinazofika kwenye boksi zimeshapoa.

Mzee Mafuru alikuwa Mjita wa upande wa Musoma, wakala wa sangara. Mitumbwi yake ya injini ilikwenda visiwani kukusanya samaki na kuwaleta Mwanza viwandani. Sisi tulikuwa wapangaji wake, vyumba viwili vya uani. Televisheni yake ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, na kuingia pale kulikuwa na sheria. Kwanza unanawa miguu bombani mpaka magotini. Kandambili unaziacha nje zimepangwa. Unaingia mmoja mmoja, "Shikamoo baba," unasubiri "Marahaba," ndipo unakaa mkekani, na ukikaa umekaa, hakuna cha kwenda kukojoa na kurudi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa rangi ya kung'arisha. Nikiisikia harufu ya ile rangi popote nilipo, mpaka leo, najua ni Jumamosi saa kumi jioni.

Saa kumi jioni ndiyo ilikuwa saa ya Chombo. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, likatushinda, tukaita Chombo basi. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa zamani, umetengenezwa sisi hatujazaliwa. Milango yake inatikisika ukiangalia vizuri, na nyota zake ni matundu kwenye kitambaa cheusi. Lakini sisi tungejulia wapi? Tuliona chombo kimepotea angani, kinatafuta njia ya kurudi duniani, na kila Jumamosi kinakaribia kufika, hakifiki. Watu wake tuliwapa majina. Kapteni alikuwa Ndevu. Mwanamke aliyeshika usukani alikuwa Dada Dereva. Kulikuwa na kiumbe asiye na mdomo, anaongea kwa kuwasha taa kwenye paji la uso, huyo tukamwita Taa. Na kipenzi chetu sote alikuwa Fundi, mfupi, mnene kidogo, ana spana mkononi saa zote na amechafuka kama mafundi wetu wa injini kule mwaloni, mitumbwi inakotia nanga.

Kasoro ilikuwa moja tu, Kiingereza. Hapo ndipo dada yangu Kabula alipopata cheo. Kabula alikuwa kidato cha pili, na mtaani kwetu kila mtu aliamini kwamba aliyeingia sekondari anajua Kiingereza, kwa sababu sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza. Si ndiyo? Nani angeuliza zaidi ya hapo? Mzee Mafuru akatoa amri: watoto wote wa uani waingie, mradi Kabula akae karibu na kiti chake amweleze wanasema nini. Basi dada akawa anakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, anatafsiri. Alikuwa hodari, sikufichi. Siku moja Ndevu na Dada Dereva walikutanisha midomo, mbele ya wakubwa, sote tukainamisha macho na Mzee akaanza kukohoa. Kabula bila hata kupepesa akasema, "Anampima homa." Mzee akaitikia, "Aah, kumbe."

Mimi peke yangu, Shija wa darasa la nne, nilijua ukweli. Tulikuwa tunapanda kilima katikati ya yale mawe makubwa ya Mwanza, ndoo za maji kichwani, Kabula akaniambia, "Shija, usimwambie mtu. Mimi nasikia neno moja kati ya kumi. Mengine natunga."

Nilishtuka mpaka maji yakanimwagikia. "Hata ile habari ya Taa kumposa Dada Dereva?"

"Hata ile."

"Sasa si umwambie Mzee?"

"Nimwambie nini? Baba ameuza ng'ombe nisome, halafu nitangaze mtaa mzima kwamba sijui Kiingereza?"

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikaa mkekani nikitazama mlango. Nilimwangalia kila mgeni aliyeingia nikijiuliza, je, huyu anajua?

Kisha ziwa likamchukua Bwire. Bwire alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mafuru, kijana mcheshi aliyekuwa akitubeba mabegani tuguse ukingo wa dishi. Alikuwa anarudi na samaki kutoka visiwani, yeye na mwenzake mmoja, upepo ukawakuta nje ya Ukerewe, mtumbwi ukapinduka. Mwenzake aliokotwa karibu na Nansio amekumbatia dumu. Alisema Bwire alikuwa ameshikilia upande wa pili wa mtumbwi, anaita na kuita, kisha hakumsikia tena. Mzee Mafuru alitoa mitumbwi yake yote kumtafuta. Siku ya tisa hali ya hewa ilikuwa bado mbaya, na walio majini walikuwa watoto wa watu. Akasema basi, rudini. Wazee wa kwao wakazika mgomba badala ya mwili, kama walivyozoea kwa mtu aliyepotelea majini.

Mama Bwire alikataa kutupa udongo. Alisema hawezi kuzika mgomba wakati mwanawe hajapatikana, na aliyesema warudi anajua mwenyewe atamjibu nini Mungu. Baada ya hapo hakuzungumza na mumewe isipokuwa yale ya lazima. Sisi wa uani tulikuwa tunasikia kila kitu, kuta zenyewe zile unazijua. "Maji yako bafuni." "Chakula mezani." Na jina la Baba Bwire likakoma kabisa mdomoni mwake. Televisheni ikakaa chini ya kitambaa chake miezi, na sisi hata kupita mbele ya dirisha la sebule tulipita kwa kunyata.

Jumamosi moja Mzee alitokea uani akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Kabula, waite wenzako." Tulinawa miguu bila kelele. Nilipoingia nikaamkia, nikainua macho. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa Mjomba Kefa.

Kefa alikuwa mdogo wake Mama Bwire. Alikuwa amesoma Nairobi na kufanya kazi huko miaka, kiasi kwamba alikuwa akitukana kwa Kiingereza akijikwaa. Msiba ulimkuta mbali, ndiyo kwanza amefika kutoa pole. Na mtaa ulishajua alichomwambia dada yake jikoni siku aliyofika: "Mimi ningekuwepo, tusingezika mgomba." Basi hao mashemeji wawili walikuwa wamekaa pale hawatazamani, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Kabula alimwona. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda kwenye kigoda chake akakaa. Nilikuwa nyuma yake, naliona jasho linamteremka shingoni.

Ikaanza. Mwanzoni haikuwa mbaya. Chombo kimeharibika, Fundi amevaa mavazi yake makubwa ametoka nje kukitengeneza, amefungwa kamba. Kabula akatafsiri kwa sentensi fupi fupi, akimwibia Mjomba jicho. Mjomba anakunywa chai yake. Nikaanza kupumua. Halafu king'ora kikalia, taa nyekundu zikawaka mle chomboni, na jua moja kubwa likaanza kuvimba dirishani. Hilo hata asiyejua Kiingereza angelielewa: wakikaa wanateketea, wakiondoka wanamwacha Fundi. Mkono wa Ndevu ulikuwa juu ya wenzo wa kuondokea. Kamba ikakatika. Fundi akaogelea kwenye giza lile akafika mlangoni, umefungwa, na kuufungua kunahitaji muda ambao hawana.

Hapo ndipo tuliposikia pazia la jikoni linavutwa. Mama Bwire, ambaye tangu msiba hakuwa amekaa sebuleni na mumewe, alikuwa amesimama mlangoni ana mwiko mkononi.

Fundi alikuwa anaongea. Sauti yake ilitoka kwenye redio ya chombo imejaa mikwaruzo, kama redio ya betri zilizokwisha, puani tena, wallahi sikuokota hata neno. Kabula alinyamaza. Fundi akaongea tena. Nikasema moyoni, leo tumekwisha, leo hata kutunga kumemshinda.

"Kabula," Mama Bwire akasema. "Huyo wa nje anasema nini?"

Hakuna aliyegeuka. Mzee Mafuru alikuwa ameshika mikono ya kiti chake.

"Anasema... anasema nenda, Kapteni."

"Anasema nenda?"

"Ndiyo, mama. Anasema wewe nenda na hao wengine. Mimi nimeshafika. Huku hakuna baridi."

Kwenye kioo Fundi alikuwa ameinua ngumi anaupiga mlango. Anaupiga kweli kweli, mtoto mdogo angeona. Mama Bwire akaingia hatua moja.

"Mbona anagonga?"

"Anaaga, mama," Kabula akasema. "Mafundi wa huko ndivyo wanavyoagana. Wanagonga mara tatu."

Fundi aligonga mara nyingi zaidi ya tatu. Nilihesabu, Mungu anisamehe, nilihesabu mpaka nane.

"Na huyo kapteni, hana kinyongo naye?"

"Hana. Anasema ningekuwa mimi ndani na wewe nje, hata mimi ningeondoka. Anasema hao wengine nao wana mama zao."

Ndevu akavuta wenzo. Chombo kikaondoka, na Fundi akabaki mdogo, akawa nukta, akaisha. Ndevu akageukia ukuta. Ndipo Mzee Mafuru, bila kuondoa macho kwenye televisheni, akasema neno ambalo nilikuwa nimeliogopa mwaka mzima.

"Shemeji. Wewe Kiingereza unakijua. Ndivyo alivyosema?"

Nakwambia nilisikia kuku wanaparua nje. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri fimbo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona aibu yetu: mtaa mzima unasema, baba anashika kichwa kwa ajili ya ng'ombe wake, na kandambili zetu hazitapangwa tena mlangoni pale. Mjomba Kefa aliweka kikombe chini taratibu. Alimtazama Kabula. Alimtazama dada yake na ule mwiko. Mwisho akamtazama Mzee Mafuru, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Ndivyo, shemeji," akasema. "Neno kwa neno."

Mama Bwire alikaa. Kilikuwepo kiti kitupu pembeni ya mumewe, akakaa hapo, akafunika uso kwa kanga, akalia bila sauti, na sisi watoto tukajifanya tunaangalia matangazo ya sabuni. Kisha tukamsikia anasema, "Baba Bwire, hiyo chai imepoa. Nikuletee nyingine?" Mzee akaitikia kwa kichwa, akamsogezea kikombe.

Tulipotoka nilimkumbatia Kabula nyuma ya bafu. Nilimwambia umebahatisha! Umebahatisha neno kwa neno! Nilimwona ana bahati kuliko mtu yeyote Mwanza nzima. Yeye hakucheka, alinisukuma akaenda kuchambua mchele.

Nimekaa na imani hiyo miaka yote, mpaka juzi. Kijana wangu wa kwanza ni wa kizazi hiki cha kuangalia filamu mbio mbio, ameziharakisha makusudi, sikio moja lina waya na jingine linajifanya linakusikiliza. Nilimsimulia habari za kiumbe asiye na mdomo mwenye taa kwenye paji la uso, na kabla sijamaliza ugali wangu alikuwa amempata kwenye simu yangu. Chombo! Chote, Jumamosi zote, zimelala humo. Nilimlazimisha tuangalie pamoja. Alivumilia dakika sita. "Baba," akasema, "hizi nyota si ni matundu?" Akaondoka zake, na mimi nikabaki peke yangu sebuleni kwangu Buhongwa na miwani yangu, nikaitafuta ile siku ya Fundi.

Nilitaka kumsikia anavyosema nenda, Kapteni. Kiingereza sasa nakielewa, kazi imenilazimisha. King'ora kikalia, jua likavimba, kamba ikakatika. Fundi akafika mlangoni. Akafungua mdomo.

Fungua mlango, alisema. Hicho tu. Fungua mlango. Nakusikia humo ndani, usiniache, fungua mlango. Kiingereza cha darasa la tatu! Kile kile alichotuimbisha mwalimu wetu, mmoja anakwenda kuufungua na darasa zima linaimba kwamba anaufungua. Ningetega sikio siku ile badala ya kutetemeka, hata mimi ningekielewa. Na hakuaga mtu. Alimwita Ndevu mwongo, akamlaani, akagonga mpaka chombo kikamwacha. Nilizima simu.

Chini ya picha tafsiri ilikuwa inapita, lugha unayotaka unachagua, kila neno mahali pake. Nani leo atamhitaji dada kwenye kigoda? Wanangu wanaangalia kila mmoja chumbani kwake, wanaelewa yote, na hakuna anayemwuliza mwenzake huyo anasema nini. Sisi hatukuelewa kitu, lakini tulikuwa watu kumi na wawili kwenye mkeka mmoja. Nasikitika, sina la kuongeza hapo.

Kesho yake nilimfuata Kabula kwenye duka lake la dawa. Nilisubiri wateja waishe, nikamwonyesha. Aliangalia mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Kwa hiyo hukubahatisha," nikasema.

"Nibahatishe nini, Shija? Jumamosi zote nilikuwa natunga kwa kuwa sijui. Siku ile nilitunga kwa kuwa najua. Mama wa watu amesimama pale na mwiko, nimwambie anasema fungua mlango?"

"Na Mjomba Kefa akakubeba."

"Alinibeba." Alikaa akipanga vichupa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Na Mzee je?"

"Mzee vipi? Mzee ndiye uliyemdanganya."

Kabula alinitazama kwa huruma, kama anavyonitazama tangu nikiwa na miaka mitano. Akanieleza kwamba Jumatatu yake alikuwa bombani, Mzee Mafuru akaja akasimama karibu naye. Alimwambia, "Kabula, mimi nilisoma kwa wamisionari mpaka darasa la nne. Lile la mlango tuliliimba kila asubuhi."

Kabula alipiga magoti pale pale kwenye matope, aombe radhi. Mzee akamshika mkono akamwinua.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Jumamosi usichelewe. Mama Bwire anataka kujua kama watafika."